Pointi Sita za Kuzoa Taka

Ndugu walimu, makocha, maafisa michezo wa kata na wazazi wenzangu, nawashukuru kwa kuitikia mwito huu hapa Mtwara.

Tumezoea kusema kwamba mpira huwatoa vijana vijiweni. Mimi naamini kwamba mpira peke yake hauna nguvu hiyo, kwani mechi ikiisha kijana hurudi kulekule alikotoka. Kinachobadili mtaa ni kanuni tunazozifungamanisha na mchezo.

Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare jijini Nairobi, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana iitwayo MYSA. Katika ligi yake ushindi ulikuwa na pointi 3 kama kawaida, lakini timu iliyokamilisha kazi ya kusafisha mtaa ilipata pointi 6. Naomba tulitafakari jambo hilo bila haraka. Mtoto aliyefungwa mabao manne Jumamosi alijua kwamba koleo na toroli vingeweza kuirudisha timu yake juu, kwa hiyo usafi haukuhubiriwa, bali uliandikwa ndani ya msimamo wa ligi. Wala soka haikushuka kiwango: Mathare United, timu iliyotokana na jumuiya hiyo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Huku kwetu lipo pengo linaloniumiza. Jioni moja nilikuwa natazama vijana wakicheza chandimu kwa mpira wa matambara, akapita binti wa miaka kama kumi na miwili, ndoo ya maji kichwani. Mpira ulipotoka nje, aliurudisha kwa mguu, taratibu, bila kumwaga hata tone, kisha akaenda zake. Hakuna aliyemwita.

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana kwa soka tangu mwaka 2001, na uwanjani hapohapo wanafundishwa afya na haki zao. Jambo hilo halihitaji uwanja mkubwa kama Nangwanda Sijaona. Linahitaji ratiba inayomjali binti mwenye ndoo.

Kwa hiyo, kabla ligi za kata hazijaanza baada ya msimu wa korosho, naomba kila kata ikae na wasichana wake, iwaulize ni saa ngapi maji yanakuwa yameshafika nyumbani, na saa hiyo ndiyo iandikwe kuwa ya mazoezi yao.