Kwa Nini Niliacha Dhahabu Tarime Nikaja Kubeba Boksi Marekani?

Habari zenu, ndugu zangu. Mnisamehe kwa sura hii, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi. Niko ndani ya gari kwa sababu dada ninayeishi naye amelala na sitaki kumwamsha. Hapa Minnesota ni saa mbili asubuhi, nje kuna theluji, kwa hiyo mkisikia gari linanguruma ni hita.

Nimekuja kujibu swali moja. Mnaniuliza kila wiki, wengine kwa upole, wengine kwa matusi: "Dada, kwenu Tarime mnalala juu ya dhahabu, umefuata nini huko kuogesha wazee wa watu?" Nimelikwepa muda mrefu kwa sababu najua litakakoishia. Nikitaja ninachopata, naringa. Nikitaja ninachokatwa, naambiwa nirudi basi, nani alinituma. Leo nitavisema vyote viwili, na atakayetukana atukane.

Mgodi mkubwa wa Nyamongo mmeusikia vya kutosha kwenye taarifa za habari, siuzungumzii. Nazungumzia kwetu, upande wa kuelekea Sirari, mpakani na Kenya, kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Nazungumzia shamba la baba yangu.

Lilikuwa ekari sita. Mahindi, ulezi, migomba karibu na nyumba, na kipande cha kahawa alichoachiwa na babu. Mwaka 2008 alikuja mtu na karatasi akasema hapa ana leseni. Baba hakuelewa. Shamba lake, leseni ya mtu mwingine, inakuwaje? Inakuwa hivi: shamba ni la mkulima, lakini kilicho chini ya udongo si chake. Leseni ya uchimbaji mdogo, ile mnayoiita PML, inaweza kuchukua mpaka hekta 10, na anapewa aliyeomba, hata kama hajawahi kulima hata tuta moja pale. Sheria inamtaka aelewane na mwenye shamba kabla ya kuchimba. Kuelewana kwenyewe ndiko huko: mzee ambaye hajasoma, karatasi ya kurasa nne, na mashahidi waliokuja na gari la mwenye leseni.

Mgawo wetu ulikuwa hivi, na sisemi ndivyo ilivyo kila mahali. Mawe yakitoka, yanahesabiwa kwa mifuko. Katika mifuko kumi, mitatu ya mwenye leseni, mmoja wa mwenye shamba. Inayobaki, mwenye duara anatoa kwanza gharama zake: matimba ya kuzuia kuta za shimo, dizeli ya pampu, baruti, chakula alichowalisha watu. Baada ya hapo ndipo wanaapolo, vijana wanaoshuka chini kuchimba, wanagawana. Hawa hawana mshahara. Kijana anaweza kuingia chini miezi minne kwa ugali na maharage tu, anasubiri mwamba uonekane, na usipoonekana anaondoka na nguo alizokuja nazo. Nimewaona wametoka Kahama, Geita, na ng'ambo kule Migori, Wajaluo na Wakurya wenzetu wa Kenya, wanalala ishirini kwenye kibanda cha turubai. Mdogo wangu alivunjika nyonga ukuta ulipomwangukia. Nani amlipe? Hakuna karatasi yenye jina lake. Waliomtoa ndio waliochanga nauli ya kumpeleka hospitali.

Sitasema baba hakupata kitu. Mwaka wa kwanza tuliezeka bati na akanunua ng'ombe wanne. Watu walitupongeza. Lakini duara la kwanza lilizaa la pili, na mpaka mwaka wa nne nilihesabu mashimo kumi na moja kwenye shamba la ekari sita. Udongo wa juu, ule mweusi wa kulimia, ulikuwa umefunikwa na kifusi. Kahawa ilikatwa ikawa matimba. Mahindi sokoni yalipanda bei kwa sababu wachimbaji wanakula, na sisi ambao tulikuwa tunauza mahindi tukaanza kununua unga. Hilo lilimuumiza mama kuliko kitu chochote. Mwanamke wa Kikurya kununua unga wakati ana shamba!

Nilipomaliza kidato cha sita mwaka 2013 nilirudi nyumbani nikaponda mawe. Kwa nyundo, pamoja na mama na mashangazi, tumekaa kwenye vumbi jeupe tangu asubuhi, unalipwa kwa debe. Kisha mwaloni, pale pa kuoshea mawe yaliyosagwa, halafu zebaki ya kunasa dhahabu unaikamata kwa mkono, unaiminya kwenye kitambaa, na kuchoma unachomea palepale unapopikia. Hakuna aliyetuambia kwamba ni sumu. Mama mpaka leo mikono inatetemeka, na nikimwambia aende hospitali anasema ni uzee. Ana miaka 57. Basi wewe uliyeandika kwamba nimeacha dhahabu, dhahabu niliyoiacha ni hiyo.

Na sikuwa na kitu cha kurithi. Kwetu shamba ni la watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, nimeisoma mwenyewe, lakini kasimame kwenye kikao cha ukoo uisome uone.

Nikaondoka kwenda Sirari kuuza kwenye duka la mtu. Kijana mmoja wa stesheneri pale alikuwa anajazia watu fomu za bahati nasibu ya viza ya Marekani, Oktoba 2016. Nilijaza kwa sababu wenzangu walijaza. Mwaka uliofuata jina likatoka.

Hapo ndipo nilipoyaona makaratasi. Nilizaliwa nyumbani, sina cheti. Kadi ya ubatizo ina jina moja, cheti cha shule ya msingi kina lingine, cha sekondari kimeongeza herufi. Kila ofisi inakwambia kosa limefanywa na ofisi nyingine. Lakini kilichonikera mpaka leo ni afisa mmoja, simtaji wala ofisi yake siitaji, aliyeniuliza bibi yako kazaliwa wapi. Nikasema ukweli: Kehancha, ng'ambo, akaolewa huku. Akafunga faili. "Basi wewe ni Mkenya, thibitisha kwamba si Mkenya." Nithibitishe vipi? Mpaka ule waligawana Waingereza na Wajerumani kwa rula, Wakurya wakabaki nusu huku nusu kule, wanaoana, wanazikana, ng'ombe wa mahari wanavuka kama zamani. Nilirudi kwenye ofisi ile mara tano. Barua ya kitongoji, barua ya mtendaji, kiapo, wazee wawili wa kunitambua ambao nauli na chakula ni juu yangu. Nililia kwenye basi, sioni aibu kusema.

Viza dola 330. Ada ya kadi ya ukaazi yenyewe dola 220. Tiketi. Baba aliuza ng'ombe wote wanne, wale wale wa mwaka wa kwanza wa dhahabu, na mjomba akatukopesha iliyopungua. Kwa hiyo ukiniuliza dhahabu ya shamba letu ilikwenda wapi, mimi ndiye niliyepanda nayo ndege. Nilifika 2018. Msinitake niwafundishe namna ya kujaza hiyo bahati nasibu. Mambo ya viza yamebadilika sana tangu wakati ule, na mtu akija kukutoza pesa akuhakikishie ushindi, mkimbie.

Kazi ya kwanza nilibeba boksi kweli. Ghala, baridi, dola 12 na senti hamsini kwa saa. Sasa niko nyumba ya wazee, dola 21. Najua unapiga hesabu kwa shilingi, hata mimi nilipiga. Ondoa kodi ya serikali, ondoa bima. Kodi ya nyumba tumegawana wawili, sehemu yangu dola 750. Gari, kwa sababu hapa bila gari hufiki kazini. Mkopo wa gari. Bima ya gari, ambayo sikuwahi kufikiria ipo mpaka nilipoletewa bili. Kinachobaki mwezi mzuri ni kama dola 500, na hapo sijapigiwa simu kutoka nyumbani. Silalamiki. Nalipwa kila baada ya wiki mbili, haijawahi kupita hata siku moja, na nilipoumia mgongo nikimwinua bibi mmoja, kazini waliandika ripoti na matibabu yakalipwa. Nilikaa kwenye kile kiti cha daktari namfikiria mdogo wangu na nyonga yake.

Ngoja niseme hili la kaka yangu mkubwa, na najua ataiona hii video.

Mwaka 2021, mwezi wa tatu, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mama alikuwa amekodi shamba kwa pesa yangu, amevuna, magunia 22 yako Sirari yanasubiri kuvuka. Zuio lilidumu siku chache, wakaweka masharti, lakini siku hizo chache mvua ilinyesha na dalali akashusha bei mpaka mama akauza kwa hasara. Alinipigia usiku wa manane wa kwetu. Nikaamua: hakuna kukodi tena, nanunua shamba mbali na maduara, na ninalipimisha.

Nilituma kwa awamu mwaka mzima. Shilingi milioni tisa, nikimtumia kaka, kwa sababu ndiye mwanaume pale baada ya baba kufariki. Milioni nne na nusu zilinunua shamba kweli, ekari mbili na nusu. Zilizobaki zilikuwa za kupima, hati ya kimila, na kisima. Kaka akaziingiza kwenye duara. Hakunywea pombe, sitaki mtu amtukane kaka yangu. Alinunua pampu na dizeli kwa sababu aliamini yuko mita tatu tu afike kwenye mwamba na angenirudishia mara mbili. Duara likajaa maji. Ndivyo dhahabu inavyomfanyia hata mtu mwema. Huwa ni mita tatu tu. Nilikaa miezi saba bila kuongea naye, na kilichoniuma zaidi si pesa, ni kwamba alisema, "Wewe uko Marekani, utapata nyingine." Kaka, ile "nyingine" ni saa mia moja na zaidi za kugeuza watu kitandani usiku.

Sasa lile la uraia, maana nalo mnauliza: miaka mitano imepita, kwa nini bado una pasi ya Tanzania? Majirani zangu hapa ni Wakisii na Wakurya wa upande wa Kenya, tulikuwa tunakutana soko la Sirari. Wao wamechukua wa Marekani bila wasiwasi, katiba yao ya 2010 inawaruhusu kuwa na viwili. Mimi nikiapa hapa, wa kwetu unaondoka. Ardhi ya kijiji ni ya raia. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya raia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mambo ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na wapo wanaoniambia niache woga. Labda wana haki. Lakini mimi ni yule aliyeambiwa athibitishe kwamba si Mkenya akiwa na barua sita mkononi. Siwezi kuikabidhi pasi yangu halafu nikaanze kuomba tena kwenye dirisha lile lile. Huo ni uamuzi wangu, na hofu yangu. Mwenzangu ana watoto hapa, ana nyumba hapa, kwake hesabu ni nyingine, asinifuate mimi.

Wala sisemi mtu asichimbe. Wapo waliosomesha watoto kwa maduara, na tangu masoko ya madini yalipoanza 2019 mchimbaji angalau anaona bei ikiwa imeandikwa. Mrabaha wa serikali, ada ya ukaguzi, anajua anakatwa nini. Enzi zetu tulikuwa tunauzia mfukoni mwa mtu. Ila ukiwa mwenye shamba na mtu amekuja na karatasi, usiweke dole gumba siku hiyo hiyo. Mtafute mtoto wa jirani aliyesoma akusomee, uliza kifusi kitakwenda wapi na nani atafukia mashimo, na hilo liandikwe. Sisi hatukuuliza.

Kaka tumeshaongea, mwezi wa kumi nilimpigia mwenyewe. Na shamba jipya linaandikwa jina la mama, jina lake peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji alisema kwanza liandikwe la kaka "kwa heshima," nikamwambia, "Baba yangu, shikamoo, heshima naitoa, lakini jina ni la mama." Mpakani tumepanda mkonge pande zote nne. Jumamosi hii mtendaji na wa kupima wanakuja, majirani wanne wameshakubali kusimama kila mmoja kwenye kona yake. Mama amesema atapika ugali wa mtama na kuku wawili. Huku itakuwa usiku, nitakuwa kazini, simu haturuhusiwi wodini, lakini msimamizi wangu ameniruhusu nitoke kwenye korido dakika kumi ili nimwone mama akiweka sahihi. Amekuwa akijifunza kuandika jina lake tangu wiki iliyopita.