Kabla ya Krismasi, pita kwa Mangi

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Tunaongea nanyi kutoka Moshi, mwezi wa kumi na mbili, watu wanapanda nyumbani. Mimi ni Zuhura.

ELIYA: Na mimi ni Eliya. Jana jioni nilipita stendi, dada, basi la Dar linashusha watu, kila mmoja ana begi la nguo na mfuko wa zawadi. Nikafurahi kweli. Halafu nikamkumbuka yule jirani asiye na mtu wa kumshukia stendi.

ZUHURA: Huyo ndiye wa leo. Unajua sisi Waislamu zaka ya fitri tunaitoa kabla ya swala ya Idi, kwa makusudi kabisa. Pishi moja, kama kilo mbili na nusu hivi, kwa kila mtu wa nyumba, hata kitoto kichanga. Ni chakula kinacholiwa mahali pale, ili siku ya furaha pasiwe na mtu anayezunguka akiomba. Ningependa na Krismasi tuifikirie hivyo. Kitu kifike mapema, na kiwe kitu cha kuingia jikoni.

ELIYA: Kabla ya hayo niseme kosa langu. Miaka ya nyuma mimi na wenzangu wa kazini tulichanga, tukaenda kwenye makao ya watoto, sitayataja. Tulibeba soda, biskuti na keki. Watoto wakapangwa uwanjani, jua linawaka, wakasubiri hotuba yetu, kisha picha. Kuna kabinti kalikuwa kameshika biskuti bila kuifungua. Nikakauliza, mbona huli? Kakaniambia, "Nimeshiba, wageni wa asubuhi walileta keki."

ZUHURA: Masikini.

ELIYA: Sisi tulikuwa kundi la tatu siku hiyo. Mwezi wa pili nikapiga simu kuwasalimu, mlezi akaniambia unga unaisha wiki hiyo na hakuna aliyepita tangu mwaka mpya. Iliniuma sana. Tangu hapo napiga simu kwanza, nauliza wanahitaji nini na lini. Na ukitaka kujua kama makao yamesajiliwa, ulizia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka yawe na leseni.

ZUHURA: Na picha za watoto tuziache. Mtoto atakua, hatapenda kuiona sura yake kwenye simu za watu, ameshikishwa kilo ya sukari.

ELIYA: Sasa niambie habari ya daftari.

ZUHURA: Hii niliifanya mwaka jana, na naiona ndiyo njia nzuri kuliko zote. Kila mtaa una duka la Mangi, ndivyo tunavyomwita muuza duka wa mtaani, na kila duka la Mangi lina daftari la madeni. Nilimwendea wa kwetu Pasua, nikamwomba anisaidie jambo moja: asinionyeshe jina la mtu. Akafunika upande wa majina kwa kiganja, akanisomea ukurasa mmoja. Sukari robo. Mafuta ya kupima, ya mia tano. Sabuni kipande. Sukari robo tena. Chumvi. Kiberiti. Ukurasa mzima hakuna soda, hakuna hata mkate. Ni mtu anayekopa chumvi, Eliya.

ELIYA: Mungu wangu.

ZUHURA: Jumla yake haikufika elfu ishirini na tano. Nililipa, nikaacha na ya mchele kilo mbili. Mangi akaniuliza amwambie nani amelipa. Nikamwambia asimtaje mtu, aseme tu deni limeisha. Uzuri wake ni kwamba yule mama akirudi dukani anakuwa mteja kama wengine. Hana wa kumpigia magoti. Anaweza na kukopa tena mwezi wa kwanza, maana duka limefunguka kwake.

ELIYA: Kumbe na Mangi naye umempa nafuu.

ZUHURA: Sana. Madeni yasiyolipika ndiyo yanayoua maduka madogo.

ELIYA: Kwetu Kibosho hali iko tofauti kidogo. Huko kuna bibi analea wajukuu watatu kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la kuzunguka nyumba. Ndizi zipo, mboga ipo. Ukimletea ndizi umemletea alichonacho. Kinachomsumbua ni dawa za presha. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, lakini akifika zahanati akaambiwa dawa imeisha, lazima anunue duka la dawa, na nauli ya kushuka mjini ni juu yake. Kwa hiyo mpigie, muulize dawa zimebaki za siku ngapi. Ukimtumia pesa kwa simu weka na ya kutolea. Wengi tunasahau. Unamtumia elfu kumi, kwa wakala anatoka na pungufu.

ZUHURA: Hilo la ya kutolea ni dogo ila linaonyesha umemfikiria.

ELIYA: Halafu mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa. Ada imeondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Lakini sare, viatu, madaftari na begi ni mzigo wa mzazi. Pilau ya Krismasi inaliwa siku moja. Mtoto aliyekosa viatu anaona aibu muhula mzima. Mimi nagawa mara mbili: kidogo cha sikukuu, kikubwa cha Januari.

ZUHURA: Na wenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wasikilize hapa. Desemba ndiyo tunavunja na kugawana. Kabla hamjagawana, angalieni mfuko wa jamii umebaki na nini, mkubaliane nyumba moja au mbili mtakazozishika mkono. Pesa ikishaingia mkobani kila mtu ana lake.

ELIYA: Asiye na pesa je?

ZUHURA: Ana damu. Wachangiaji wengi ni wanafunzi, na Desemba shule zimefungwa, wakati barabarani ajali ndiyo zinaongezeka. Kituo cha damu salama cha kanda ya kaskazini kipo hapa hapa Moshi. Uwe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema. Mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ule kwanza, usiende na njaa.

ELIYA: Na hospitali ya KCMC wapo wagonjwa waliotoka mbali, hawana ndugu wa kuwaletea chakula saa ya kuona wagonjwa. Usiingie tu na hotpoti. Muulize muuguzi wa zamu nani hana mtu, na anaruhusiwa kula nini. Mwingine ana kisukari, mwingine anasubiri upasuaji.

ZUHURA: Na hizo nguo za kugawa?

ELIYA: Fua, piga pasi, shona kifungo kilichokatika. Kama wewe usingeivaa kanisani, usimpe mwenzio aivae.

ZUHURA: Wasikilizaji hawaoni, ila mezani mbele ya Eliya kuna vipande vitatu vya uzi. Waambie.

ELIYA: Ni wale wajukuu wa Kibosho. Jumapili niliwakuta wamefanya kazi za nyumbani, miguu ina tope. Bibi akawaosha, mmoja mmoja akasimama kwenye gunia, nikapima unyayo kwa uzi kutoka kisigino hadi kidole gumba. Nikafunga fundo: moja kwa mkubwa, mawili kwa wa kati, matatu kwa mdogo. Yule mdogo aliukunja mguu kwa kutekenywa, ikabidi nipime mara mbili.

ZUHURA: Umeacha nafasi ya kukua?

ELIYA: Kidole kimoja. Kesho alfajiri naenda sokoni Kiboriloni, kabla viatu vizuri havijachukuliwa.

ZUHURA: Nipitie njiani. Wa mdogo nanunua mimi, wenye mafundo matatu.