Mhudumu wa pampu: namna ya kushika pesa, kutoa taslimu kwa kadi na kufunga zamu

Karibuni. Video hii ni ya wahudumu wa vituo vya mafuta, hasa wewe unayeanza kazi.

Kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza, soma mita ya pampu uandike. Isome mwenyewe, usiandike unachotajiwa na anayetoka zamu. Hesabu pesa ya chenji mbele ya anayekukabidhi, mtie saini wote wawili.

Mteja akikupa noti, taja thamani yake kwa sauti. Tazameni hapa: noti yake nimeibana kati ya vidole hivi, chenji naihesabu kwa mkono wa pili. Haiingii kwenye bunda mpaka apokee chenji na aridhike. Ukiichanganya mapema, akidai alikupa kubwa zaidi utamwonyesha nini? Na akianza "nirudishie hiyo, chukua hii, nipe zile ndogo" katikati ya hesabu, simama. Mrudishie chake, chukua chako, muanze upya. Matapeli wa chenji hula hapo hapo.

Noti zikijaa mfukoni, zipeleke zitumbukizwe kwenye kasha la kuhifadhia pesa, upewe stakabadhi.

Sasa yule anayetaka taslimu kwa kadi, yaani kadi yake ikatwe naye umpe noti. Kama kituo hakiruhusu, mwambie hapana, kwa upole. Usimkatie risiti ya mafuta ambayo hakuweka ili umpe noti. Mita itakuumbua, na mwenye kadi akilalamika benki kituo kinaweza kudaiwa pesa hiyo. Kama kinaruhusu, hakikisha kwanza noti zipo za kutosha. Ingiza kiasi cha mafuta na kiasi cha taslimu kila kimoja mahali pake, mwache abonyeze namba ya siri mwenyewe, kisha ngoja mashine ikubali na itoe karatasi. Ujumbe kwenye simu yake si ushahidi. Mhesabie noti, naye azihesabu kabla hajaondoka.

Kuna na huyu: amelipa kwa kadi, amebadili nia, anataka arudishiwe noti. Hapana. Pesa inarudi kwenye kadi ile ile, na msimamizi ndiye anayeirudisha. Kadi ya wizi hugeuzwa taslimu kwa njia hiyo.

Tufunge zamu. Tuseme mita ilianza 48,210 ikaishia 49,460: lita 1,250. Ondoa lita 20 za kupima pampu zilizorudishwa tangini, zinabaki 1,230. Zidisha kwa bei ya lita, ongeza chenji ya kuanzia, halafu ondoa jumla ya stakabadhi za kasha na jumla ya karatasi za kadi, taslimu uliyowapa wateja ikiwa ndani yake. Kinachobaki ndicho unachotakiwa kuwa nacho mkononi.

Ukipungukiwa, usikimbilie kumshuku mwenzako. Pitia kwanza karatasi za kutoa taslimu moja moja. Mara nyingi upungufu unalingana kabisa na taslimu uliyompa mteja ambaye kwenye karatasi yake uliingiza kiasi cha mafuta tu.