Kaa Joshini: Kuishi na Moshi wa Wengine Baada ya Kuacha Sigara

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya watu walioacha sigara na jamaa zao

Asalaam alaykum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo. Nawashukuru mliotoka majumbani na jua hili la saa tisa.

Nilipoitwa hapa niliambiwa nieleze jinsi ya kuacha sigara. Niliomba nibadilishiwe mada. Kuacha kumeshasemwa sana, na wengi wenu mmekwisha kuacha, wengine wiki hii hii. Mimi nataka tuzungumze habari ya kesho yake. Umeacha wewe, jirani hakuacha, kaka yako hakuacha, unayeingia naye zamu ya usiku hakuacha. Moshi wao unakufuata mpaka kitandani, na pua yako, ambayo miaka yote ilikuwa imekufa ganzi, sasa imefufuka na inausikia kutoka nyumba ya tatu.

Nilivuta miaka 21. Kazi yangu ilikuwa trela, Mombasa kwenda Nairobi, mara nyingine hadi Malaba. Niliacha mara ya kwanza katika Ramadhani, kama wengi wetu hapa Pwani. Mchana umekwisha kujizuia saa kumi na tatu, unajiambia basi na usiku nitauweza. Jioni ya kwanza adhana ya magharibi ililia, nikatia tende mdomoni, na kabla sijatema kokwa kiberiti kikawashwa kando yangu. Harufu ya mvuto wa kwanza wa mtu aliyefunga tangu alfajiri, aliyewahi kuvuta anaijua. Nilikishika kikombe cha uji kwa mikono miwili, nikakitazama mpaka yule bwana alipomaliza. Nilidhani huo ndio mtihani wenyewe, na nimeupita.

Mtihani ulikuja mwezi wa tatu, wakati sina wasiwasi tena. Nilikuwa na utingo kijana, na kijana huyo sigara alijifunzia kwangu. Sikumfundisha kwa mdomo, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimtuma dukani akaninunulie, mimi ndiye niliyempulizia moshi usoni safari baada ya safari. Sasa mimi nimeacha, yeye anavuta. Siku hiyo tulikwama kwenye foleni ya mizani ya Mariakani, mvua inapiga, vioo vya kebini vimefungwa. Akawasha. Akanitazama kidogo kama anayeomba ruhusa, nami nikatazama mbele. Nilimwonea haya. Nitamwambia nini, mimi niliyemvutia miaka minne?

Alivuta tatu kabla hatujapita mizani. Sikugusa hata moja. Lakini tangu hapo kichwa changu hakikuwa na kitu kingine. Maungu, Voi, nahesabu nguzo za barabarani. Tulipofika Mtito Andei tukashuka kula, nikasema, "Nipe moja." Akanipa bila neno. Nikarudi kuvuta kwa mwaka mzima na miezi.

Nimeirudia hadithi hii kichwani mara nyingi, na miaka ile nilijilaumu kuwa sina azma. Baadaye nikapata kujua kilichotokea mle kebini. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles walichapisha jaribio lao: waliwakalisha watu kwenye kiti cha abiria ndani ya gari kwa saa moja, pembeni yao mtu anavuta, kisha wakawapiga picha za ubongo. Ubongo una vipokezi ambavyo nikotini huviendea na kuvishika. Kwa saa ile moja ya kukaa tu, bila kugusa sigara, wastani wa 19% ya vipokezi hivyo vilikuwa vimeshikwa. Na wale waliokuwa wavutaji, hamu yao ilipanda. Kwa hiyo mwenzangu unayesema "sijui nimepatwa na nini, nilikaa nao tu," ulichopatwa nacho kinapimika.

Hapa niwaonye jambo moja, kwa sababu najua linakuja. Ukishasikia hayo, siku utakayokaa katika moshi, akili itakuletea wazo hili: "Nikotini nimeshaivuta, ya kwake au yangu, kuna tofauti gani?" Wazo hilo limerudisha watu wengi kuliko harufu yenyewe. Tofauti ipo, kubwa sana. Watafiti hao hao walikuwa wamekwisha kupima wanaovuta wenyewe: mvuto mmoja au miwili tu hushika nusu ya vipokezi, na sigara nzima hushika 88%. Tena wewe ukivuta, nikotini inafika kichwani kwa sekunde chache, kwa mkupuo mmoja. Aliyekaa kando anapata kidogo, polepole. Moshi wa mwenzako haukufanyi kuwa umevunja ahadi yako. Umekuamshia hamu, na hamu ikiachwa bila kulishwa hupita, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Toka nje, tia karafuu mdomoni uitafune, hesabu magari. Ukirudi, hesabu zako za siku ulizoacha ziko pale pale.

Niliacha mara ya pili, na hii ndiyo iliyodumu. Mwaka wa sita huu. Kilichobadilika ni kwamba niliufungua mdomo wangu, na niliufungua mapema.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetulea baba alipofariki. Mtu wa namna hiyo akija kwako Idi pili, akaketi, akatoa pakiti, utamwambia nini? Nyumbani kwangu tulikuwa na kisahani cha majivu cha shaba, kinawekwa mezani pamoja na kahawa na halua. Kumwekea mgeni kisahani ni kumkaribisha. Kukiondoa, mbele ya mkubwa wako, ni kama kumwambia rudi ulikotoka. Basi Idi ile, nikiwa na wiki ya tano, nilikiweka. Nikakaa saa mbili namjibu huku meno yameumana. Mjukuu wangu wa miezi saba alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni. Mke wangu akaingia, akasimama mlangoni, akautazama moshi ulivyotanda usawa wa dirisha. Hakusema neno. Aliinama, akamfunika mtoto uso kwa upande wa leso yake, akambeba akaenda naye uani. Kaka hakuona. Mimi niliona, na mpaka leo nikifumba macho naiona ile leso ikimfunika mtoto uso nyumbani kwa babu yake.

Safari iliyofuata nilimpigia simu jana yake. Nilimwambia: "Kaka, kesho tunakungoja chakula cha mchana. Nimeacha sigara na bado inanisumbua, na mtoto kifua chake si kizuri. Nimekuwekea kiti uani chini ya mwarobaini. Ukitaka kuvuta tutatoka pamoja." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mdogo wangu, si ungesema siku zote hizo?"

Nilitaka kulia. Miezi yote ile nilikuwa nalinda heshima ambayo mwenyewe hakuwa ameidai.

Angalieni wakati niliosema, kwa sababu hapo ndipo penye siri. Sigara ikishawashwa, kumwambia mtu azime ni kumtoa tonge mdomoni mbele ya watu. Lazima ataona haya, na mtu aliyeona haya hujitetea. Kabla ya kiberiti kuwashwa, maneno yale yale ni ombi tu, na waungwana hawakatai ombi. Kwa hiyo usingoje. Sema kwa simu, sema njiani, sema mnapopanga safari. Nanyi semeni habari zenu, msiseme zake. "Nimeacha na bado ni mgonjwa wake" mtu anaielewa. "Huo moshi wako unanuka" ni ugomvi, hata kama ni kweli. Nimewaona wenzetu walioacha wakageuka askari wa mtaa, wanapunga mikono puani mbele za watu. Mvutaji ni mtu aliyekaa mahali ulipokuwa umekaa wewe mwaka jana. Wengi wao wamejaribu kuacha na wameshindwa, na kila wakikuona wanaumia kwa hilo.

Sehemu moja ya maneno yangu ilikuwa na kosa, nalo ni lile la "tutatoka pamoja." Nilitoka naye mara mbili, na mara zote mbili usiku sikulala vizuri. Sasa yeye hutoka, mimi hubaki ndani nikimfunikia kahawa isipoe. Kisahani cha shaba kiko uani.

Kwa utingo nilifanya hivyo hivyo. Tulikubaliana bandarini kabla ya kuwasha injini: hakuna moto ndani ya kebini, na mimi nitasimama kila anapohitaji, hata porini kama pana usalama. Safari ilirefuka kwa nusu saa hivi. Hakuwahi kulalamika, na nilipomwomba radhi kwa miaka ile mingine, alicheka akasema hata hakuwa akifikiri ni kosa. Hakuna aliyekuwa akifikiri ni kosa.

Sasa barazani, ambako huwezi kumpigia simu kila mtu. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na chomboni kila kitu kina upande wake: joshini ni kule upepo unakotoka, demanini ni kule unakokwenda. Majivu ya jiko yanamwagwa demanini, mtoto anajua. Basi na kwenye kahawa ni hivyo. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, mimi hukaa kusini mwa wanaovuta; kaskazi, upepo wa kaskazini, ikirudi nahamia upande wa pili. Ila Mji wa Kale vichochoro vinaugeuza upepo, kwa hiyo kabla sijaketi hutazama moshi wa makaa ya dele, birika ya muuza kahawa, unaelekea wapi. Ukiwa unanijia, nasimama kwanza, nasalimia, nazunguka, naketi kwingine. Hakuna anayetambua kwamba nimehama kwa ajili yake. Wiki nne za kwanza, lakini, nawaomba msiende kabisa. Wale wa baraza hawatahama, mtawakuta.

Ndani ya chumba hakuna joshini. Hili wengi hawalikubali, wanasema nitafungua dirisha, nitawasha feni. Feni inauzungusha. Sigara inayofuka kidoleni, kati ya mvuto na mvuto, ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani, na moshi huo haukupita hata kwenye kichungi. Una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 hivi zinajulikana kuleta saratani. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta kwa miaka 14, akakuta wale walioolewa na wavutaji wa kupindukia wanakufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Hawakuwahi kuwasha sigara wanawake wale. Wengine walimpinga sana, lakini utafiti baada ya utafiti ukaja kumuunga mkono, na kwenye moyo ikaonekana hivyo hivyo: anayeishi na moshi wa wengine, hatari yake ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa robo au zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni moja wasiovuta wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine.

Siwatajii haya muwatishe wageni wenu. Nawatajia kwa sababu aliyeacha ana haya ya kusema "inanitia hamu," anaona kama ni udhaifu. Basi sema mtoto, sema mama mjamzito, sema moyo wako. Zote ni kweli.

Sheria iko upande wenu pia. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta mahali pa umma na mahali pa kazi, isipokuwa pale palipotengwa. Ukiwa ofisini au ghalani, usianze na mwenzako. Mwendee msimamizi faraghani, mwambie abandike lile tangazo. Karatasi ukutani haigombani na mtu. Na mnaoniuliza habari ya shisha kila ninapokwenda: maji hayasafishi chochote cha maana, na makaa yake yenyewe yanatoa hewa yenye sumu, kaboni monoksidi. Ondokeni.

Ninyi jamaa zao mliokuja nao, nina ombi. Mume au mwana ameacha, nawe bado unavuta. Sikulazimishi leo uache. Vutia nje, na ukiingia badilisha shati kabla hujaketi karibu naye. Moshi unakaa nguoni na kwenye nywele. Pakiti usiache mezani. Mtu akiwa na siku ya kumi, pakiti iliyo mezani humwita kwa jina.

Mimi mwenyewe bado nipo katika shughuli hii. Jumamosi ijayo nina harusi Kisauni, na upande wa wanaume najua watavuta, nimewavutia mimi harusi zao zote. Bwana harusi ni mpwa wangu, nimekwisha kumpigia simu, amesema ndani ya turubai hakutavutwa, ila nje hana uwezo nako. Nitakwenda mapema nitazame upepo. Kama kuna anayekwenda huko naye ana wiki chache tu tangu aache, anifuate hapa tukimaliza, nitamshikia kiti.