Malengo ya Mwalimu Mkuu: Tunagawanya kwa Idadi Gani?

Ndugu maafisa elimu kata, walimu wakuu, wakuu wa shule, na wenzetu wa uthibiti ubora, habari za asubuhi. Poleni na safari, najua wapo mliopanda bodaboda alfajiri. Mada niliyopewa ni ndefu kwenye ratiba: upangaji wa malengo yanayopimika katika kutathmini utendaji wa walimu wakuu. Nitaipitia kwa kuuliza swali moja. Tunapoandika asilimia kwenye lengo la mwalimu mkuu, tunagawanya kwa idadi gani?

Twende na mfano. Shule ya kwanza iliandikisha watoto 112 darasa la kwanza mwaka 2018. Septemba 2024, waliokaa kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni 61. Waliofaulu ni 55. Ufaulu asilimia 90. Mwalimu mkuu anapewa cheti, anapiga picha na Mkurugenzi. Shule ya pili, kata ya jirani, iliandikisha 112 vilevile. Waliofanya mtihani ni 100, waliofaulu 70. Ufaulu asilimia 70. Huyu kwenye kikao cha tathmini anasimamishwa ajieleze. Sasa gawanyeni upya kwa 112. Wa kwanza ana asilimia 49. Wa pili ana karibu 63. Namba nimezitunga kwa ajili ya leo, lakini naona mnaangaliana. Shule ya kwanza mnaijua ilipo.

Wale watoto 51 wamekwenda wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, na barua za uhamisho zipo. Wapo waliofariki, Mungu awarehemu. Wapo wanaochunga, wapo walioko mjini wanauza maji kwenye vituo vya basi. Na wapo, tuseme ukweli, ambao mzazi wao aliitwa ofisini mwezi wa pili akaambiwa, "Mama, mtoto huyu bado mdogo, arudie la sita kwanza." Wote hawa, wa halali na wa hila, tumewafuta kwenye asili, ile namba ya chini ya sehemu tunayoifundisha darasa la nne. Ni sawa na kumsifu mkulima kwa magunia aliyovuna kwa ekari huku humuulizi aliacha ekari ngapi zikaliwa na magugu.

Jambo hili lina ushahidi wa hapa nyumbani. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoingia kwenye elimu mwaka 2013, shule zilianza kupangwa hadharani kwa ufaulu na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti waliochambua takwimu za mpango ule, wakachapisha mwaka 2021, walikuta mambo mawili yanakwenda pamoja. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliinua ufaulu kwelikweli. Shule hizohizo pia zikapunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani wa darasa la saba. Hakuna waraka uliosema wapunguzeni. Mwalimu mkuu aliambiwa toka kwenye nyekundu, akatafuta njia ya karibu.

Na msidhani ni tabia ya Mtanzania. Mjini Atlanta, Marekani, walimu wakuu walipangiwa malengo ya alama za mitihani, na ajira yao ikafungwa kwenye malengo hayo. Mwaka 2011 wachunguzi wa jimbo la Georgia walitoa ripoti: udanganyifu katika shule 44, wahusika 178 wakiwemo walimu wakuu 38. Walimu walikuwa wakikaa na vifutio wakirekebisha majibu ya watoto. Mwaka 2015 watu 11 wakatiwa hatiani mahakamani. Sisi wenyewe hatuna pa kunyooshea kidole, maana Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 2,000 wa darasa la saba wa mwaka 2022 kwa sababu ya udanganyifu. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora. Ni hatua nzuri, ila kwenye makundi yetu ya WhatsApp orodha ya kata inatoka kabla jua halijazama siku ya matokeo.

Kwa hiyo wapo wanaosema tuache kupima. Mimi siko huko. Serikali inampa mwalimu mkuu posho ya madaraka, inaweka ruzuku ya uendeshaji kwenye akaunti ya shule, na wazazi wanamkabidhi watoto. Lazima apimwe. Ninachopigania ni kwamba apimwe kwa kitu kinachopita mikononi mwake. Mwalimu mkuu haajiri. Hapangi ikama, yaani idadi ya walimu wa shule yake. Mwalimu wake wa hisabati akihamishwa Mei kumfuata mwenza wake, yeye anapata nakala ya barua. Lakini kama mwalimu yupo shuleni na kengele imelia, kuingia kwake darasani au kubaki chini ya mwembe, hilo ni la mwalimu mkuu kabisa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye faida. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule zetu za msingi ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani wakati wa kipindi, ingawa wengi wa hao walikuwepo shuleni. Walikuwepo! Kitabu cha mahudhurio kimesainiwa, afisa elimu kata akipita anakuta safu imejaa. Ndiyo maana lengo linaloandikwa "kuimarisha mahudhurio ya walimu hadi asilimia 98" linatimizwa kila mwaka na mtoto haoni tofauti. Lengo linalofaa ni vipindi vilivyofundishwa vigawanywe kwa vipindi vilivyo kwenye ratiba. Shule yenye vipindi 280 kwa wiki ikifundisha 170, iko kwenye asilimia 61. Hapo una pa kuanzia, na unaweza kukubaliana na mwalimu mkuu afike 75 ifikapo Juni.

Utaniuliza, nani atahesabu? Monita anajaza fomu ya vipindi, lakini monita ni mtoto. Mwalimu akimwambia "weka vema hapo", ataweka. Kwa hiyo unapokwenda shuleni usiishie kwenye fomu. Ingia darasa la tano, omba madaftari ya sayansi ya wanafunzi watatu, mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa nyuma kabisa dirishani. Fungua wiki mbili zilizopita. Hesabu tarehe. Ratiba inasema vipindi kumi, madaftari yote matatu yana tarehe nne, basi umeshapata jibu. Angalia na kalamu nyekundu: kazi ya mwisho kusahihishwa ni ya lini? Mwalimu anaweza kujaza andalio la somo la mwezi mzima kwa usiku mmoja, lakini hawezi kuandika madaftari sabini ya watoto kwa mwandiko wao. Zoezi hili linachukua dakika ishirini na halihitaji bajeti.

Kipimo cha pili ninachokipenda ni kusoma. Chukua daftari la mahudhurio la darasa la tatu, chagua majina kumi mwenyewe kwa kuruka idadi sawa, usikubali kuletewa watoto. Kila mmoja asome aya fupi ya kiwango cha darasa la pili kwa dakika moja. Tukichukua maneno 50 kwa dakika kuwa ndiyo kusoma, wangapi kati ya kumi wanasoma? Na aliyetajwa akawa hayupo shuleni siku hiyo, anahesabiwa kuwa hakusoma. Najua mnaguna. Mwaka jana yupo mwalimu mkuu mmoja aliyenibishia sana juu ya kanuni hii, akaniambia, "Mwalimu, unaniadhibu kwa utoro wa mtoto." Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa sehemu, kwa sababu ukiwaondoa watoro kwenye hesabu, mwakani utanionyesha darasa linalosoma lote na nusu ya viti vitupu.

Sasa kuhusu ufaulu wenyewe. Sisemi utoke kwenye fomu. Nasema uandikwe vizuri. Darasa la saba lina alama 300. Daraja C linaanzia 121, na D inaishia 120. Mtoto wa D hahesabiwi kufaulu. Lengo likiwa ni asilimia ya ufaulu peke yake, mwalimu wa taaluma mwenye akili atafanya nini mwezi wa sita? Atatafuta wenye alama 105 hadi 120 awaweke kambini. Mwenye 45 ameshaachwa, na mwenye 200 hana haja naye, atafaulu tu. Ukitaka kuzuia hilo, pima wastani wa alama za darasa lote badala ya waliovuka mstari, na uandike kando yake idadi ya walioandikishwa na waliofanya mtihani. Namba mbili zikae pamoja kwenye mstari mmoja, isiwezekane kuisoma moja bila nyingine.

Wakuu wa shule za sekondari, kwenu ni hadithi ileile kwa upimaji wa kidato cha pili. Na mna jambo la ziada: Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu warejee shuleni wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Mkuu wa shule anayewarejesha wanne na wakabaki hadi kidato cha nne amefanya kazi ambayo ufaulu wa shule yake unaweza hata kushuka kwa sababu yake. Kama fomu haina mahali pa kuwahesabu hao wanne, tunamfundisha asiwarudishe.

Nije kwenye fomu. Wakongwe mnaukumbuka OPRAS, mfumo wa zamani wa kutathmini utendaji wa watumishi wa umma, ulioanza mwaka 2004, fomu nene, alama 1 ndiyo bora na 5 ndiyo mbaya, na kila mwaka watu walijaza kinyume. Sasa tuko kwenye PEPMIS, mfumo wa tathmini wa kielektroniki uliochukua nafasi yake, tunajaza kwa simu huku tunatafuta mtandao juu ya kichuguu. Mfumo umebadilika, uvivu wetu umebaki. Wengi wananakili malengo ya mwaka uliopita, na wengine wananakili ya jirani. Nimewahi kusoma malengo ya shule yenye bweni zuri sana ambalo shule hiyo haijawahi kuwa nalo.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kalenda. Mwaka wa utumishi unaanza Julai na kuishia Juni. Mwaka wa shule unaanza Januari. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Mwalimu mkuu aliyehamishiwa shule mpya Julai anaandikiwa lengo la ufaulu la darasa atakalokaa nalo miezi miwili. Juni inayofuata anatathminiwa kwa matokeo ya watoto waliofundishwa na mwenzake kwa miaka sita na nusu. Akisifiwa si haki, akilaumiwa si haki. Kwa mwaka wa kwanza wa mwalimu mkuu mpya, mimi ningeweka vipindi, kusoma na wanafunzi wanaobaki shuleni, na ufaulu ningeuacha kabisa hadi mwaka wa pili.

Malengo yawe mangapi? Manne, yakizidi sana matano. Lenye thamani lina pa kuanzia, pa kufika, tarehe, na jina la cheo cha atakayehakiki. Afisa elimu kata anakaa na mwalimu mkuu na mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mwalimu, umeandika 'kupunguza utoro'. Wako wangapi?"

"Ni wengi, Afisa."

"Tuhesabu. Lete madaftari."

Wanahesabu. Kati ya wanafunzi 640 walioandikishwa, 96 wamekosa siku kumi au zaidi muhula uliopita.

"Utawapunguza hadi wabaki wangapi ifikapo Juni?"

"Ishirini."

"Mwalimu, kuwa mkweli. Wavuvi hawa utawapata wapi msimu wa dagaa?"

"Basi sitini."

"Andika sitini. Na Desemba nikija nitahesabu kwa daftari lilelile."

Sitini inayoaminika naipendelea kuliko ishirini ya kumfurahisha Mkurugenzi. Na mkiangalia, afisa huyu amejua kuna msimu wa dagaa. Asiyejua kijiji hawezi kukubaliana na mtu juu ya namba.

Mapitio ya Desemba yana kazi yake, tusiyafanye ya chai na soda. Kama mwalimu mmoja kati ya saba amehamishwa na hajaletwa mwingine, lengo la vipindi linashushwa siku hiyo, kwa maandishi, pande zote mbili zinatia saini. Mkisubiri Juni ndipo mwalimu mkuu atoe sababu, itaonekana ni kisingizio hata kama ni kweli. Vilevile lengo likifikiwa mapema linapandishwa. Hilo la pili huwa tunalisahau.

Wenzetu wa Kenya, Tume yao ya walimu iliingiza mikataba ya utendaji kwa wakuu wa shule mwaka 2016, pamoja na tathmini ya kila mwalimu. Walimu wao wamelalamikia wingi wa makaratasi, na wana hoja. Kipimo kinachomtoa mwalimu darasani ili aende kujaza kipimo kinajipinga chenyewe. Ndiyo maana nimekaa kwenye vitu ambavyo shule tayari inavyo: daftari la mahudhurio, ratiba, madaftari ya watoto.

Naona mratibu ananionyesha saa. Kabla ya chai, kila afisa elimu kata akae na walimu wakuu wake wawili. Fungueni simu, someni malengo mliyoingiza Julai, na kila penye asilimia andikeni pembeni imegawanywa kwa nini. Mkikuta lengo ambalo mwenye nalo hajui liligawanywa kwa idadi gani, leteni hapa mbele, tutaanza na hilo saa tano.