Unachotupa Mawenini Utakinywa

Assalamu alaikum. Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, karibuni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie usafishaji wa maji, nami nitaanza na taka, maana hapa Jambiani mambo haya mawili hayatengani. Hebu tizameni jiwe hili, nimeliokota sasa hivi nje ya skuli. Namimina gilasi ya maji juu yake... yako wapi? Yameshapita, na meza ya mwalimu imerowa. Uniwie radhi, mwalimu. Hili ni tumbawe la kale, na ndilo tunalolikalia upande huu wa mashariki wa Unguja. Wenzetu wa magharibi wana udongo mnene unaochuja kidogo. Sisi tuna nyufa na mapango. Maji ya masika hayakai juu, na maji meusi yanayochuruzika jaani nayo hayakai juu.

Maji matamu tunayochota yanaelea juu ya maji ya bahari humo humo mwambani, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu za wataalamu, penye mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa na takriban mita 40 nyingine za maji hayo matamu. Ukivuta kwa pampu mpaka ukayashusha nusu mita tu, hatimaye maji chumvi yatapanda kiasi cha mita 20. Ndiyo maana kisima kizuri kinaharibika. Na mimi, kusema kweli, sioni sababu ya kumwagilia majani ya bustani maji matamu wakati wa kiangazi, awe mwenye hoteli au mwenye nyumba.

Sasa mtaniambia, "Sisi tunachemsha." Vyema. Maji yakitokota sawasawa kwa dakika 1, vijidudu vya kipindupindu vimekufa. Klorini nayo inafaa, mradi ungoje nusu saa kabla ya kunywa, na nusu saa hiyo ndiyo inayotushinda. Asiye na kuni atie maji yasiyo na tope kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, inayoonyesha ndani, isiyozidi lita 2, ailaze juani saa 6 mfululizo. Kukiwa na mawingu, siku 2.

Lakini moto hauondoi chumvi. Wala hauondoi naitreti, ile kemikali ya kinyesi na mkojo inayotoka kwenye makaro na vyoo vya shimo. Maji yakipungua sufuriani, naitreti inazidi kukolea. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa. Madini ya risasi yatokayo kwenye betri ya gari nayo hayajui kuchemshwa.

Kwa hiyo kazi kubwa iko huku juu. Mafundi huambiwa choo kikae mita 30 mbali na kisima. Hiyo ni kwa udongo. Penye ufa, uchafu unaweza kwenda mbali zaidi, basi karo lijengwe na lisakafiwe mpaka chini, na linyonywe likijaa. Taka za jikoni, mabaki ya samaki na maganda, ndizo zinazooza na kutoa yale maji meusi. Zitengeni, zichanganywe na majani makavu, zifunikwe mvua isizipige, zigeuzwe mara kwa mara, na muhogo utapata mbolea. Mifuko ya plastiki Zanzibar tuliipiga marufuku tangu 2006, miaka 13 kabla ya Bara, lakini chupa na nepi zimeshika nafasi yake. Na anayetupa nepi pangoni akidhani amepata shimo la bure, ajue wapo wanaokunywa.

Naam, bibi yangu? Wazee walikunywa maji ya pango na hawakufa? Walikufa, bibi. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini Unguja, aliandika habari za kipindupindu cha 1869 na 1870, nacho kiliua maelfu. Tena wakati huo watu walikuwa wachache. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 1.3 Zanzibar nzima. Ya 2022, karibu milioni 1.9.

Na wewe, mwanangu, wa gereji? Mafuta machafu ya pikipiki usiyamwage hata nyuma ya ukuta. Yatie kwenye dumu lenye kifuniko, umwone sheha. Tutapanga namna ya kuyaondoa kijijini pamoja na betri mbovu.