Bia ya Datis: Kuvisoma Vita vya Wagiriki na Waajemi Katika Vyanzo Vyake

Ndugu walimu, na ninyi wanafunzi mnaoanza masomo ya historia mwaka huu, asanteni kwa kufika.

Mtu akitaka kujua habari za Marathon, Thermopylae na Salamis, mapambano makuu ya Wagiriki na Waajemi, atakabidhiwa kwanza kitabu cha Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki. Ni haki yake kukabidhiwa hicho. Bila Herodotus tusingekuwa na masimulizi yanayofuatana ya vita hivi. Shida ni kwamba upande ulioshinda ndio uliosimulia. Katika maandishi yote ya wafalme wa Uajemi tuliyo nayo leo, hakuna hata moja linalotaja Marathon wala Salamis. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, wakasema Waajemi wamenyamaza, basi tuwasikilize Wagiriki peke yao. Mimi nakataa. Waajemi waliacha maneno mengi mno, ila waliyaacha kwenye miamba na kwenye daftari za ghala, na sisi hatujazoea kuitafuta historia ya vita ndani ya daftari za ghala.

Tuanze na Herodotus mwenyewe. Alizaliwa yapata mwaka 484 KK huko Halicarnassus, mji ambao leo unaitwa Bodrum, nchini Uturuki. Mji huo ulikuwa chini ya himaya ya Uajemi, na malkia wake, Artemisia, aliongoza merikebu zake upande wa Xerxes, mfalme wa Uajemi, pale Salamis mwaka 480 KK. Kwa hiyo mtu huyu hakuwa mgeni wa dola hiyo. Wakati wa vita alikuwa mtoto mdogo. Aliyoyaandika aliyakusanya baadaye kwa kuulizana na watu, na mara nyingi anasema wazi: hawa wanasema hivi, wale wanasema vile.

Sasa tazameni hesabu zake. Anasema watu walioandamana na Xerxes, askari pamoja na wahudumu, walikuwa 5,283,220. Piga hesabu ya nafaka ya kuwalisha watu hao kwa siku moja, kisha uliza mito ya Thrace, nchi ya kaskazini mwa Ugiriki waliyoipitia, ingewanyweshaje. Herodotus mwenyewe anakiri kwamba ilikauka. Merikebu za vita anazipa idadi ya 1,207. Hapo msomaji mwepesi atasema idadi hiyo imethibitishwa, kwa sababu Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Athens, naye, katika tamthilia yake ya Waajemi iliyochezwa Athens mwaka 472 KK, anahesabu elfu moja na mia mbili na saba. Msikimbilie huko. Herodotus aliandika baada ya Aeschylus, na huenda idadi aliichota kwake. Mashahidi wawili ambao mmoja amemsikia mwenzake ni shahidi mmoja. Ukilishika hilo peke yake leo, safari yako ya kuja hapa haikupotea.

Lakini mtu huyuhuyu anayeyumba kwenye hesabu husimama imara kwenye majina. Huko magharibi mwa Iran kuna mlima wa Behistun, na juu kabisa ubavuni mwake Mfalme Dario wa Kwanza alichonga, yapata mwaka 520 KK, habari za jinsi alivyotwaa kiti cha enzi. Ameziandika kwa mwandiko wa kikabari, wa alama zenye umbo la kabari, katika lugha tatu: Kiajemi cha Kale, Kielami na Kibabeli. Anawataja watu sita waliomsaidia kumwua mtu aliyekuwa ametwaa ufalme. Herodotus, miaka mingi baadaye, bila kuwahi kuusoma mwamba ule, anataja sita pia. Majina matano yanalingana. Hata la sita, Aspathines, halikubuniwa: mtu wa jina hilo amechongwa kwenye kaburi la Dario kama mbeba silaha wake. Nani alimpa Herodotus habari hizo? Ni lazima kulikuwa na njia iliyotoka kwenye familia kubwa za Uajemi ikafika masikioni mwa Mgiriki.

Na mwamba wenyewe usiaminiwe kwa sababu tu ni mwamba. Dario anasema aliyemwua alikuwa laghai aitwaye Gaumata, aliyejifanya Bardiya, mwana wa Koreshi, mwanzilishi wa himaya. Kisha anamsihi msomaji asidhani kwamba ni uongo. Wanahistoria wengi wanashuku kwamba aliyeuawa alikuwa Bardiya wa kweli, na mimi ni mmoja wao. Tena nakala ya habari hizo kwa Kiaramu imepatikana Elephantine, huko Misri. Yaani mfalme alihakikisha maneno yake yanasambazwa himaya nzima. Mtu mwenye haki isiyo na shaka hahangaiki kiasi hicho.

Sasa tuingie ghalani. Mwaka 1933 wachimbaji kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, wakifanya kazi kwenye magofu ya Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, si mbali na Shiraz nchini Iran, walikuta maelfu ya vibao vya udongo. Vingi ni vya Kielami, vya kati ya mwaka 509 na 493 KK, na ni mambo ya posho: nani kapewa unga, nani kapewa bia, kwa hati ya nani, kwa mhuri gani. Kimoja kinasema Datiya amepokea vipimo saba vya bia, karibu lita 70. Alikuwa akitoka Sardis kwa safari ya haraka, amebeba hati yenye mhuri wa mfalme, akielekea kwa mfalme Persepolis. Tarehe ni mwanzoni mwa mwaka 494 KK. Wakati huo Wagiriki wa Ionia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, walikuwa wamemwasi Dario, na Sardis ndiyo ngome ya Waajemi upande ule. Wataalamu wanaona kwamba Datiya huyu ni Datis, yule aliyekuja kuliongoza jeshi la Marathon mwaka 490 KK. Herodotus anamleta Datis jukwaani ghafla tu, kama jemadari mpya. Karani wa posho anatueleza kwamba miaka minne kabla yake alikwisha kuzijua njia za magharibi, na alikuwa mkubwa wa kutosha kumwagiwa bia kiasi hicho. Karani hakuwa na sababu ya kutudanganya, maana hakujua kama tutakuwepo.

Kuna kingine kinachonigusa zaidi ya hicho. Kinahesabu nafaka ya wanawake 23 wa Kigiriki waliojifungua Persepolis: tisa wamezaa wavulana, wamepewa vipimo viwili viwili, kumi na wanne wamezaa wasichana, wamepewa kimoja kimoja. Tumefundishwa kuwaona Wagiriki na Waajemi kama safu mbili zinazotazamana kwa mikuki. Kabla ya Marathon, tayari kulikuwa na watoto wa Kigiriki waliozaliwa penye kiti cha mfalme na kuandikiwa posho. Mama zao hawamo katika simulizi lolote la vita.

Kwetu Waafrika liko jambo la kufuatilia. Herodotus anawataja Waethiopia katika jeshi la Xerxes, wamevaa ngozi za chui na simba, wana pinde ndefu, nusu ya mwili wameipaka chokaa na nusu rangi nyekundu. Xerxes mwenyewe, katika maandishi yake, anaitaja Kushi, nchi ya hao Waethiopia kusini mwa Misri, miongoni mwa nchi zake, na baba yake, Dario, anasema pembe za ndovu za jumba lake la Susa zilitoka huko. Anayeijua Biblia atakumbuka kitabu cha Esta kinavyoanza: Ahasuero, ambaye wengi humtambua kuwa Xerxes, alitawala toka Bara Hindi mpaka Kushi. Vyanzo vitatu, vya watu wasiokuwa na lengo moja. Ningependa kuona mmoja wenu akiandika tasnifu juu ya hilo.

Kwa upande wa Wagiriki, nendeni kwenye nguzo ya shaba ya nyoka waliosokotana. Iliwekwa Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki, baada ya Wagiriki kuwashinda Waajemi pale Plataea mwaka 479 KK, na mabaki yake yamesimama Istanbul hadi leo. Ina majina 31 ya miji na makabila ya Wagiriki waliopigana na Waajemi. Herodotus anasema watu wa kisiwa cha Tenos walichongwa hapo kwa sababu merikebu yao iliwatoroka Waajemi ikaleta habari kabla ya vita vya Salamis. Watu wa Tenos wamo.

Nimalizie na Mmedi mmoja asiye na jina, mtu wa taifa la Iran lililokuwa ndani ya himaya ya Uajemi. Dio Chrysostom, msemaji wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka mia tano baada ya vita, anasema alimsikia akieleza vita hivi hivi: Dario aliwatuma watu wake Naxos na Eretria, wakaitwaa miji hiyo, merikebu chache tu zilisukumwa hadi Attica, nchi ya Athens, pakawa na ugomvi mdogo. Naye Xerxes aliwashinda Wasparta Thermopylae, akamwua mfalme wao, akaiteketeza Athens, akawatoza Wagiriki kodi, akarudi kwao. Someni habari hiyo mkiwa na kalamu. Eretria ilitekwa, Herodotus anakubali. Leonidas, mfalme huyo wa Wasparta, aliuawa, anakubali. Athens iliteketezwa, na sanamu zilizovunjwa zimefukuliwa Acropolis, kilima cha mahekalu cha mji huo. Kodi haina kibao wala nguzo inayoitetea. Fanyeni zoezi hilo kwa sentensi moja moja, kisha mfanye hivyo hivyo kwa Herodotus, bila kumpunguzia ukali.